Ndoo ya Viluwiluwi Ukweni

Kiluwiluwi wa chura mdogo kuliko wote ninaowajua ana ncha nyeusi mkiani. Mwili wake una rangi ya tope la kawaida. Tumbo linapitisha mwanga kidogo, na ukimtazama kwa subira unaona utumbo umejiviringa kama waya wa redio iliyofunguliwa na fundi asiyejua kazi. Mkia wenyewe ni mweupe-mweupe wenye madoa, ila pale mwisho pamekolea, kama kidole kilichochovywa kwenye wino wa uchaguzi. Nayajua haya kwa sababu binti yangu aliyaandika na mimi niliyasoma. Kaka yangu mkubwa aliyamwaga kwenye saruji.

Ninaandika nikiwa na hasira. Watu wa kanisani wananishauri hasira ipoe kwanza, ndipo mtu ashike kalamu. Yangu ikipoa nitalala usingizi, najijua.

Msije mkadhani mimi ni mtaalamu wa vyura. Nilimaliza sekondari kule Kivu, upande wa biolojia na kemia, na cheti changu kiko ndani ya bahasha chini ya kitanda, hapa Beechmont, mtaa wa Louisville, Kentucky, kinalala vizuri kuliko mwenyewe. Louisville, cheti hicho kilinifikisha kwenye ghala la kupakia maboksi mpaka mgongo ukagoma. Kiangazi ninachokisimulia nilikuwa nyumbani na vidonge vya mgongo, mke wangu akifanya zamu mbili katika nyumba ya kutunza wazee. Nisiwadanganye, sikuhuzunika sana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kabla ya hapo nilikuwa nimesafiri mara mbili maishani, ya kwanza nikikimbia, ya pili nikipelekwa, na zote mbili zilinitosha. Wenzangu wakinipigia simu kwamba kuna sherehe Shively, mji wa jirani, nauliza kama hiyo sherehe haiwezi kuja huku.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Shuleni walimweka darasa la watoto wanaojifunza Kiingereza, wakamsahau humo kwa miaka minne. Mtoto anaota kwa Kiingereza. Anagombana na mimi kwa Kiingereza, na ananishinda kwa Kiingereza. Kila mwaka aliomba darasa la sayansi, kila mwaka aliambiwa asubiri kidogo. Kiangazi hicho mwalimu mmoja akafungua masomo ya likizo na kutoa ahadi: kila mtoto achague kiumbe mdogo, amweleze kila siku tangu mwanzo hadi abadilike, na atakayeleta daftari kamili ataingia darasa la sayansi shule zikifunguliwa mwezi wa nane. Alisema kamili, na binti yangu alilirudia neno hilo nyumbani mpaka mama yake akamwambia alipumzishe.

Alichagua chura aliyekuwa kwenye bwawa la maji ya mvua, nyuma ya majengo yetu. Akikomaa, chura huyo anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki. Sauti yake ni kama kokoto mbili zinazogonganishwa na mtu asiye na kazi nyingine. Watu wa hapa wanamwita chura nyenje. Mwalimu alikwenda naye bwawani, wakachota mayai na majani yake, binti akaja nayo nyumbani akiyashika kama sakramenti.

"Baba, wakitoka watakula nini?"

"Kila kitu. Kama wajomba zako."

Tukawalisha lengalenga iliyochemshwa, yaani mchicha, ile tunayopanda pembeni mwa ngazi. Viluwiluwi wa Kentucky waliila bila kulalamika, jambo ambalo binti yangu mwenyewe hajawahi kufanya. Nyumba niliyowapa ilikuwa ndoo nyeupe iliyokuja na makayabu, samaki wetu wa chumvi. Niliiosha mara sita kwa sababu chumvi inawaua. Chumvi ilitoka. Harufu ilibaki, na nadhani itakuwepo siku ya kiama. Nikamwambia maji ya bomba yana dawa, yakae kwanza juani siku nzima ndipo uwape.

"Umejuaje?"

"Uliza chini ya kitanda."

Basi ndivyo tulivyoishi wiki hizo, mimi nimelala sakafuni na mto chini ya kiuno, yeye amepiga magoti mbele ya ndoo na rula. Akiandika kwamba kiluwiluwi ni mzuri, ninamfutisha. "Mzuri si kipimo."

"Mama anasema wewe ni mzuri."

"Mama naye hajapima."

Akaacha kuandika mzuri. Akaandika kwamba macho yamekaa pembeni, si juu. Kwamba mdomo uko chini na una safu za vijino vidogo mno, mbili juu na mbili chini, ambazo aliziona kwa lenzi aliyoazimwa na mwalimu. Kwamba ncha nyeusi ya mkia haikuwepo siku za kwanza, ikaja polepole. Walianza thelathini. Wengine walikufa, wengine waliliwa na wenzao, na hilo pia aliliandika, na saa aliyoligundua. Katikati ya mwezi wa saba walibaki kumi na mmoja, wote wakiwa na miguu ya nyuma. Ilibaki ya mbele. Miguu ya mbele inakua ndani kwa siri, halafu inatoboa ngozi ghafla, kiwiko kwanza, kama mtu anayevaa koti la mtoto wake. Hapo mkia unaanza kuliwa na mwili wenyewe, na mnyama anapanda juu apate hewa. Tukawawekea jiwe ndani ya ndoo. Ukurasa wa miguu ya mbele ndio uliobaki. Bila huo, daftari si kamili.

Ndipo simu ikaja kutoka Columbus, jimbo la Ohio. Anayeishi Columbus ni kaka yangu mkubwa, ambaye kwa lugha ya kwetu namwita Yaya, na Yaya akipiga simu hasalimii, anatangaza. Mdogo wetu wa mwisho, anayefanya kazi kiwandani Buffalo, amepata mchumba. Mahari itapelekwa Jumamosi kwa wazazi wa msichana, Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo. Yaya ndiye msemaji wa familia.

"Yaya, mgongo wangu..."

"Mugongo utakaa ku kiti. Kwani ni weye utaolewa?"

Mke wangu hakupata ruhusa kazini. Kuhusu ndoo alisema, "Mimi nalisha wazee kumi na wawili. Vyura hawamo kwenye zamu yangu." Mtoto naye hakutaka kuachana nayo, kwa sababu miguu ile ingetoka siku yoyote. Basi Alhamisi tukaondoka, mimi, binti yangu, na ndoo kati ya miguu yake, yenye kifuniko nilichokitoboa kwa msumari. Mpango ulikuwa kulala Columbus, kuacha gari langu bovu pale, na kuendelea kwa gari kubwa la Yaya.

Yaya alitupokea nje. Alimkumbatia mtoto, akainama, akanusa.

"Mudogo, hiyo ndoo iko na makayabu?"

"Ni kazi ya shule."

Akafungua kifuniko. "Viluwiluwi! Donc, unapelekea bakwe viluwiluwi? Bon. Na mapanya umeyaacha wapi?"

"Ni ya mtoto, Yaya."

"Mutoto anaamuru, baba anabeba. Amerika hii!"

Tulicheka, hata mimi, hata binti yangu. Halafu akanivuta kando, na uso wake ukabadilika. Akaniambia nimsikilize vizuri. Chura ni kitu cha uchawi, kila mtu anajua, na wale watu wa Cheektowaga ni watu wa maombi sana. Wakiona chura katika vitu vyetu watasema tumekuja na dawa ya kumfunga binti yao, na ndoa ya mdogo wetu itakufa palepale sebuleni. Iache hapa.

Nilimwambia siwezi, mtoto anaandika kila siku, hili ndilo litakalomtoa kwenye lile darasa. Nilimweleza yote, ahadi ya mwalimu, ukurasa mmoja uliobaki. Nataka hilo likumbukwe: alijua. Akasema sawa, ila isitoke garini.

Sasa niambieni, mtu anayesema isitoke garini, amewahi kukaa ndani ya gari lililofungwa mwezi wa saba? Jumamosi saa nne asubuhi, tukiwa tumeegesha mbele ya nyumba ya wakwe, chuma kilikuwa kinachoma mkono. Maji yangekuwa supu kabla ya sala ya kufungua. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujatoka kwa mdogo wetu tulikolala, mtoto alikuwa amewaangalia: miguu ya mbele bado, lakini mmoja ngozi ya kifuani ilikuwa imevimba pande zote mbili. Leo au kesho, alisema. Nikaamua kuiweka ndoo kivulini, pembeni mwa gereji. Na kwa kuwa nilimwogopa Yaya, nikaifunga kwa kitenge, isionekane.

Hapa naomba mnicheke, maana nastahili. Mtu mzima, nimehudhuria mahari zisizo na idadi, nikafunga ndoo kwa kitenge na kuiacha karibu na gari la upande wa mwanaume. Kwetu kila kinachofungwa kwa kitenge siku hiyo ni zawadi. Shangazi za msichana hutoka wakicheza, hupokea mizigo kutoka garini, huibeba kichwani hadi ndani, na wakishaipokea hakuna mwanaume wa upande wetu anayeigusa tena. Nilikuwa nimeingia ndani, nimekaa kwenye kiti nilichopewa, koti la kuazima likinibana makwapa, nilipomsikia shangazi mmoja huko nje.

"Hii ni nzito! Hawa watu wamekuja na kitu!"

Vigelegele. Akaingia anacheza, ndoo yetu kichwani, maji yakipiga kelele ndani kwa ndani. Akaitua katikati ya sebule, kati ya gunia la mchele na mablanketi. Shangazi wa pili akasogea, akavuta pumzi, akatangaza kwa furaha, "Makayabu! Wametuletea makayabu!"

Watu wakapiga makofi. Yaya alikuwa amesimama tayari kwa hotuba. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nilipovunja redio ya baba.

Lakini msemaji ni msemaji. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Bakwe wetu, mutusamehe. Kuna ndoo moja ya mupishi imepotea njia." Wakacheka, wakamruhusu, akaibeba mwenyewe akatoka nayo kwa mlango wa nyuma. Mimi nikashusha pumzi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kaka mwenye akili. Nilidhani ataiweka chini ya mti, au chooni, au popote duniani ambapo mtu anaweza kuweka ndoo.

Alirudi upesi, anafuta mikono kwa leso. Akaanza hotuba, na ilikuwa hotuba nzuri, siwezi kumnyima hilo.

Katikati ya hotuba binti yangu akasimama mlangoni. Alikuwa na wasichana wengine jikoni na kupitia dirishani aliona ndoo imelala kwenye saruji. Ndoo ilikuwa mkononi mwake, wazi, inaning'inia. Hakulia. Alinitazama, akangoja.

Nami nikafanya hivi: nikainua mkono kidogo, kiganja chini, nikaushusha mara mbili. Tulia. Baadaye. Kwa sababu msemaji wa familia akiwa anaongea mbele ya wakwe, hakuna anayenyanyuka. Kwa sababu nilikuwa na koti. Mkono huu huu ninaoandikia. Akageuka akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa nikiitikia kwa kichwa penye maneno ya hekima.

Nilipoweza kutoka, nilimkuta amepiga magoti nyuma ya nyumba, kwenye saruji ya kuegeshea magari. Maji yalikuwa yameshakauka, limebaki doa. Viluwiluwi walikuwa wamenata kama majani ya chai kwenye sahani. Alikuwa anawabandua kwa ukucha, mmoja mmoja, na kuwapanga kwenye karatasi kwa urefu. Wawili waliokuwa bado wanapumua aliwatia kwenye kikombe cha maji ya bomba. Maji yale tuliyajua wote wawili. Hakukuwa na mengine.

"Kumi," alisema kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa. "Mmoja hayupo."

Tulimtafuta kwenye majani mpaka tukaitwa kula. Wale wa kikombe walikuwa wamekwisha kabla ya wali kupakuliwa. Mahari ilikubaliwa, mdogo wetu alicheza hadi shati likalowa, na kila mtu alimsifu Yaya. Mimi pia nilipewa sifa. Shangazi mmoja alisema mimi ni mtu mtulivu.

Jumapili tulirudi Columbus. Masaa matano ndani ya gari moja na mtu aliyefanya vile. Yaya aliweka nyimbo za kwaya na akaimba sauti ya pili. Akaniambia mara moja tu, bila kuzungusha, kwamba alinisaidia, kwamba angewaacha wale wadudu ningeaibisha ukoo mzima, na kwamba vyura wako wengi Louisville, mtoto achote wengine. Nilimwambia mwezi wa nane hausubiri mayai. Akaongeza sauti ya kwaya. Mtoto nyuma alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa mweupe, hakuandika kitu.

Karibu na Columbus akanisogelea sikioni. Kumbe masaa yote hayo alikuwa hanuni, alikuwa anafikiri. Alisema asubuhi ya Jumamosi aliwaona yeye, kumi na mmoja. Kwenye saruji aliwapata kumi, na wote kumi walikuwa hawana miguu ya mbele. Aliyebaki ni yule aliyevimba kifuani. Mwalimu aliwaambia, siku usiyokuwepo, muulize aliyekuwepo na umwandike kwamba ndiye aliyeona.

"Baba, baba mkubwa ndiye wa mwisho kuangalia ndani."

Tulipofika, shemeji yangu alikuwa ameshapika. Harufu ya fufu, ugali wetu wa muhogo, ilisikika hadi nje, na ya samaki wasio wa chumvi, na mimi nina njaa ya aibu. Yaya akasema, "Bon, tuingie tukule, kisha mutaendelea." Nikasimama karibu na gari langu.

"Sili, Yaya."

Kwetu unaweza kumtukana mtu na mkasameheana jioni. Kukataa chakula cha nyumba yake ukiwa mlangoni ni jambo jingine. Akadhani hakusikia.

"Unakataa chakula ya muke wangu?"

"Nakataa mpaka umjibu mtoto."

"Miye? Nijibu mutoto?"

"Ana maswali yake. Mjibu."

Shemeji alitokea mlangoni na mwiko. Jirani Mmarekani aliacha kumwagilia maua. Mgongo ulikuwa umekaza, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi, sitajipamba. Lakini nilikuwa sijawahi kumwambia Yaya hapana nikiwa nimesimama, na naona yeye pia alihesabu hilo. Akakunja mikono.

Binti yangu akashuka na daftari. Akamsalimia tena kwa adabu, shikamoo baba mkubwa, kwa Kiswahili. Halafu akauliza alifungua ndoo saa ngapi.

"Sijui. Saa tano hivi."

"Uliona nini ndani?"

"Maji. Viluwiluwi. Mimi sikuangalia vizuri."

"Kwenye jiwe?"

Yaya akamtazama mkewe, akatazama viatu vyake vya mahari.

"Kulikuwa kamoja. Juu ya jiwe."

"Kana miguu ya mbele?"

"Iko nayo."

"Mkia?"

"Mufupi." Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, nusu ya ukucha. Mtoto akaweka rula katikati ya vidole vyake, pale pale, akasoma, akaandika. Yaya alivishikilia vidole vile hewani mpaka alipoambiwa asante.

"Ncha nyeusi?"

"Bado iko, kidogo."

"Alifanya nini ulipomwaga?"

Hapo nilidhani ataacha. Lakini ukishaanza kueleza kitu, kinakuvuta. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia Cheektowaga, kwamba alipoinamisha ndoo wote walikwenda na maji, ila kale kadogo kalishika ukingo. Kalining'inia. Ilimbidi agonge ndoo chini mara mbili ndipo kaachie, kakarukia majani.

"Kalishika kwa kutumia nini?"

"Na vidole."

"Vingapi?"

"Nne," Yaya alisema. "Kila mukono, nne."

Ni kweli. Vyura wana vidole vinne mbele. Mtu hawezi kubahatisha hilo, wengi watakwambia vitano. Kwa hiyo alivihesabu. Alisimama nyuma ya ile nyumba, gereji yenye kivuli iko hatua kumi, akamwona mnyama mdogo kuliko ukucha wake aking'ang'ania ndoo, akahesabu vidole vyake, mkono huu na mkono huu, halafu akagonga.

Mtoto alifunga daftari. Mimi nilifungua mlango wa gari. Shemeji alitufungia samaki kwenye karatasi ya aluminiamu, na nilimrudishia mikononi mwake, ingawa yeye hakuwa na kosa, na hilo linaniuma hadi leo. Tulikula viazi vya kituo cha mafuta, karibu na Cincinnati.

Mwalimu alisoma ukurasa wa mwisho mara mbili, akauliza huyu shahidi ni nani, akaandikiwa: kaka wa baba. Akaupokea. Shule zilipofunguliwa binti yangu aliingia darasa la sayansi, anakaa mstari wa mbele. Na huko Columbus Yaya amekwisha kusimama kanisani, kwenye wakati wa ushuhuda, akasimulia jinsi alivyomsaidia mtoto wa mdogo wake kwa maelezo ya kitaalamu, bila yeye mtoto asingefaulu. Waumini walipiga makofi. Walionipigia simu kunieleza walitaka nifurahi.

Nimekaa na jambo hilo mezani siku nyingi, nikitafuta mahali pa kulishika, na siwezi kusema anadanganya.